Je, Ni Dhambi Kuhesabiwa?



Kila mara inapotangazwa kwamba watu wataandikwa upya, maneno huanza kutembea nyumba kwa nyumba. Mmoja anasema wanatuhesabu ili waturudishe kwetu. Mwingine anasema wanatuhesabu ili wapunguze chakula. Ndipo mzee atakumbusha habari za mfalme Daudi, aliyehesabu watu wake na tauni ikaingia katika nchi, na hapo wengi hunyamaza, kwa maana habari hiyo imo katika Biblia na hakuna wa kuikana. Basi tumeona vema katika toleo hili tuliangalie jambo lenyewe. Nchi zinahesabu watu namna gani, na kwa nini? Na Mkristo ajibu nini anapoulizwa mlangoni: humu ndani mko wangapi?

Sensa ni kuhesabu watu wote wa nchi kwa wakati mmoja. Kwanza nchi nzima hukatwa vipande vidogo juu ya ramani, kila kipande kadiri ya nguvu za mtu mmoja, ili isiwepo nyumba iliyosahauliwa wala nyumba iliyo katika vipande viwili. Kisha huchaguliwa usiku mmoja. Hapa Rwanda, katika sensa ya 2022, ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti. Mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo hahesabiwi, na mzee aliyefariki asubuhi hiyo anahesabiwa, kwa kuwa usiku ule alikuwa angali hai. Mtu anaweza kucheka akisikia hivyo. Lakini bila usiku mmoja, mfanyabiashara angehesabiwa Kamembe siku ya Jumatatu na tena Kigali siku ya Jumatano, na mama aliye njiani asingehesabiwa popote.

Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba walipewa walimu wa shule za msingi, ambao mwezi huo walikuwa likizoni, nao walitembea na tableti mkononi hadi tarehe 30. Ilionekana nchi nzima ina watu 13,246,394, na wilaya hii ya Rusizi peke yake watu 485,529.

Namba hizo ni za nini? Tutoe mfano mmoja tu, wa shule. Watoto watakaoanza darasa la kwanza miaka mitano ijayo wamekwisha kuzaliwa. Wako migongoni mwa mama zao leo. Aliyewahesabu anaweza kuanza kuchoma matofali na kufundisha walimu mapema. Asiyewahesabu atashangaa siku ya kufungua shule, watoto 90 wakikaa chini katika chumba kimoja, naye atasema watu wamezaa sana. Hali ni hiyo hiyo kwa wakunga, dawa za chanjo, mabomba ya maji, na viti vya wabunge. Nchi isiyojua watu wake huwagawia kwa kukisia, na katika kukisia, aliye karibu na anayegawa hupata zaidi.

Sisi wa ng'ambo ya mto tunalijua hili kuliko wengi. Upande huu wa mto Rusizi watu wamehesabiwa mwaka 1978, 1991, 2002, 2012 na 2022. Upande ule, tangu Uhuru, sensa kamili imefanyika mara moja tu, tarehe 1 Julai 1984, nchi ikiitwa Zaire, na walipatikana watu kama milioni 30 na laki saba. Leo husemwa Kongo imepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio ya wataalamu. Hakuna aliyepita mlango kwa mlango. Mtu aliyezaliwa Bukavu mwaka 1985 ana miaka zaidi ya arobaini, ameoa, ana wajukuu pengine, na nchi yake haijamhesabu hata siku moja katika sensa. Viti vya bunge kule hugawanywa kwa wingi wa walioandikishwa kupiga kura. Na mwaka 2023, Wakongomani wanaokaa nje waliandikishwa katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Aliyekimbia kwa miguu hadi nchi jirani hakuwa katika namba. Vita vilimwondoa mara ya kwanza, na hesabu ikamwondoa mara ya pili.

Kwa hiyo tungeweza kusema upesi kwamba kuhesabiwa ni jambo jema, tukafunga maneno. Lakini hatuwezi kusema hivyo tukiwa tumekaa Cyangugu.

Hofu ya kuandikwa si upumbavu wa watu wasiosoma. Katika miaka ya 1930, Wabelgiji walipohesabu watu wa Rwanda, waliandika kila mtu kabila lake, Mhutu, Mtutsi au Mtwa, kisha likaingia katika kitambulisho. Aliyeandika siku ile labda aliona ni kazi ya ofisi tu, wino na mhuri. Neno lile lilikaa ndani ya mifuko ya watu miaka sitini. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, likasomwa kwenye vizuizi vya barabara, na neno moja likatosha. Hapa hapa mjini, watu waliokuwa wamekusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, Aprili ya mwaka ule, baadhi yao waliitwa kwa majina kutoka katika orodha, wakatolewa nje, wakauawa. Waliosalia walihamishiwa Nyarushishi mwezi wa Mei. Askari wa Ufaransa walipofika Juni, walikuta huko watu wapatao 8,000 wangali hai. Wako wazee katika wilaya hii ambao mpaka leo, wakisikia mtu akisoma majina kwa sauti, mwili unawatetemeka. Tusiwacheke.

Kule kwetu pia karatasi imetumika vibaya. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilitaka mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Nani kati yetu ana karatasi ya babu wa 1885? Sheria ya 2004 ilisogeza tarehe hiyo hadi Uhuru, mwaka 1960, lakini ugomvi uliokuwa umekwisha kupandwa haukung'oka pamoja na sheria.

Yafaa tuone kitu hapa. Yaliyoua hayakuwa namba. Lilikuwa ni swali moja kati ya maswali, na yule aliyekuja kuishika karatasi baadaye. Ndiyo maana baada ya 1994 Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho, na sensa za 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza tena. Tanzania haijauliza kabila wala dini tangu sensa ya 1967. Na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu wa huko walikataa kuhesabiwa kwa sababu hiyo hiyo, wakisema wingi wao unafichwa. Kenya yenyewe inauliza kabila mpaka leo. Kila nchi inajua kidonda chake. Ila kwa maoni yetu, swali ambalo serikali haihitaji jibu lake ili kujenga shule wala kuchimba kisima, afadhali lisiulizwe mlangoni. Jibu likishaandikwa halirudi tena mdomoni, na anayelishika leo si yeye atakayelishika kesho.

Sasa turudi kwa Daudi, maana yeye ndiye anayeogopesha watu kanisani.

Wengi wanafikiri kosa lake lilikuwa kuhesabu. Lakini Musa naye alihesabu, tena kwa kuagizwa, na kitabu kizima katika Biblia kimepata jina lake kutokana na hesabu hizo. Walawi walihesabiwa hata mtoto wa mwezi mmoja. Tofauti iko wapi? Soma 2 Samweli 24 polepole. Kazi ilichukua miezi tisa na siku ishirini, na namba iliyoletwa ilikuwa ya wanaume wa kushika upanga: 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Hakuna mwanamke ndani yake. Hakuna mtoto, wala mzee, wala kiwete. Mfalme hakutaka kujua watu wanakula nini. Alitaka kujua ana nguvu kiasi gani. Yoabu, mtu wa vita aliyeua wengi na asiyejulikana kwa huruma, hata yeye aliona jambo halifai akamwuliza mfalme analitakia nini. Mambo ya Nyakati husimulia kwamba hakumaliza kazi. Kabila la Lawi na la Benyamini aliyaacha. (Vitabu hivyo viwili havikubaliani kwa namba, na wasomaji wetu wenye kupenda hesabu wanaweza kulinganisha.)

Katika Kutoka 30 kuna sheria ambayo Daudi hakuikumbuka, au hakutaka kuikumbuka. Watu wakihesabiwa, kila mmoja atoe nusu shekeli kuwa fidia ya nafsi yake. Tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Yaani aliyehesabiwa si mali ya anayehesabu. Kuna mwenyewe mwingine. Na katika kitabu cha hesabu, mwenye ng'ombe mia ni mmoja na mjane asiye na sufuria ni mmoja. Hatujui mahali pengine katika mambo ya serikali ambapo mjane na tajiri wanalingana namna hiyo.

Basi tunavyoona sisi, swali si kama kuhesabu ni halali au ni haramu. Swali ni hili: aliyekuhesabu anajiona amekuwa na deni kwako, au anajiona amepata mali? Ukiniuliza nina watoto wangapi, nikakujibu saba, tangu saa ile huwezi kusema hukujua. Kama mmoja wao hana shule, umekwisha kujua. Anayehesabu anadaiwa. Daudi alitaka namba bila deni, na watu 70,000 waliokufa kwa tauni walikuwa wale wale aliowahesabu. Yeye mwenyewe, alipoona, aliuliza kondoo hawa wametenda nini.

Lakini sisi wakimbizi tuna hesabu mbili, na tusizichanganye. Sensa ya nchi inataka jina lako ili usihesabiwe mara mbili. Kazi ikiisha, jina linaachwa na inabaki namba. Sheria za takwimu za nchi nyingi zinakataza kuonyesha majibu ya mtu mmoja mmoja, hata kwa polisi au mtoza kodi. Mkimbizi naye anastahili kuwamo: Umoja wa Mataifa unashauri nchi zihesabu kila aliye ndani ya mipaka, hata aliye katika kambi. Hesabu ya pili ni ile ya fishi ya HCR na ya serikali. Hiyo ni kinyume kabisa. Yenyewe inashika jina, picha, vidole, na nani ni mtoto wa nani. Haikusahau, na haitakiwi kukusahau, kwa sababu kwa fishi hiyo unalindwa na kwa fishi hiyo unakula. Mei 2021 hapa Rwanda, HCR na PAM walianza kuzigawa familia za kambini kwa kadiri ya uhitaji, wengine wakapewa msaada kamili, wengine nusu, wengine wasipewe chakula. Kwa hiyo jibu la mlangoni sasa lina uzito wa sahani.

Na hapo ndipo penye jaribu letu, tuseme wazi. Sote tunajua mtoto wa kuazima, anayelala nyumba hii siku ya kuandikwa na kesho yake anarudi kwa shangazi yake. Tunajua kijana aliyekwenda Kigali au Uganda zamani ambaye kwenye fishi yupo. Tunajua pia wale ambao kwenye fishi hawapo ingawa wapo: mtoto aliyezaliwa baada ya kuandikwa, mama mkwe aliyevuka mto miezi mitatu baadaye. Wengine huongeza jina la uongo ili kumlisha mtu wa kweli ambaye ofisi bado haijampokea. Hatuwezi kumwita mtu huyo mwizi kwa wepisi ule tunaomwita yule anayeuza posho ya watu hewa sokoni. Hata hivyo mfuko ni mmoja. Majina ya hewa yakizidi, wanaogawa huanza kumshuku kila mtu, na mwenye watoto saba wa kweli hulazimika kuwasimamisha juani mmoja mmoja ili waonekane.

Katika kikundi cha akina mama liliulizwa swali ambalo hatujaacha kulifikiri. Mama mmoja alisema: mtoto akifa, nikienda kumfuta kwenye fishi, wale waliobaki watakula kidogo zaidi, nikinyamaza, nimesema uongo? Kisha akaongeza neno ambalo halikuwa la chakula. Alisema kumfuta mtoto kwa mkono wake mwenyewe ni kama kumzika mara ya pili.

Wapo waliojibu upesi kwamba uongo ni uongo. Ni kweli. Lakini ni rahisi kutoa jibu hilo tumbo likiwa limeshiba. Sisi tunasema aende akamtaje, kwa sababu nyumba inayokula kwa jina la marehemu inaishi kwa hofu, na watoto waliobaki wanafundishwa kumtaja ndugu yao kama yu hai kila mgeni akija. Hilo ni zito kuliko sahani. Ila kama sisi kanisa ndio tunamwambia aseme kweli, basi na sisi tumekuwa wahesabuji, na deni limetuangukia. Anayemdai maskini ukweli awe tayari kulipa gharama yake. Kile kitakachopungua katika sufuria yake mwezi ule, na unaofuata, kitoke kwetu, katika sadaka ya chakula, bila kutangazwa mbele ya watu. Kanisa lisiloweza kufanya hivyo linyamaze. Lisimhubirie mama huyo.

Kwa wale wanaohuzunika kwamba hawana karatasi yoyote, tunawaomba wasome Ezra sura ya 2. Ni sura ambayo wahubiri huiruka kwa sababu ni majina matupu. Ni orodha ya wakimbizi wanaorudi kwao kutoka Babeli, watu 42,360 kwa jumla yao. Katikati ya orodha wamo watu 652 waliotoka Tel-mela, Tel-harsha na mahali pengine, ambao hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao, kama kweli ni wa Israeli. Karatasi zao zilikuwa zimepotea. Je, waliachwa Babeli? Hapana, walipanda pamoja na wengine, na mwandishi akawaandika: hawa hawana uthibitisho, nao ni 652. Nehemia anayo orodha hiyo hiyo, kwake ni 642. Mmoja wa waandishi wale wawili alikosea kwa watu kumi, na ukijumlisha familia moja moja, hakuna orodha inayofika 42,360. Ofisi za zamani nazo zilikuwa na shida zake. Lakini hakuna aliyesema kwa kuwa hesabu haikukaa sawa, wale wasio na karatasi wafutwe.

Waliokufa nao huhesabiwa. Baada ya mauaji ya kimbari, serikali ya Rwanda iliwatuma watu kila mahali kuuliza nani aliuawa, na mwaka 2002 ilichapisha waliotajwa na ndugu na majirani zao: 1,074,017. Hakuna shule iliyojengwa kwa ajili yao. Hakuna chanjo wala kiti cha bunge kilichogawanywa kwa namba hiyo. Walihesabiwa kwa sababu waliowaua walitaka wasiwe wamekuwapo.

Wetu waliobaki katika milima ya Kivu, na njiani, na katika maji, hakuna aliyekuja kutuuliza juu yao. Fishi huandika walio hai. Sensa, siku itakapofika Kongo, itauliza nani alilala hapa usiku huu. Kwa hiyo wazee wa kanisa wamekubali kwamba kuwe na kitabu. Ni daftari la kawaida, lenye mistari. Kitaandikwa jina la marehemu, jina la mama yake, kijiji, na mwaka. Kabila halitaandikwa. Hakitapelekwa katika ofisi yoyote, wala hakitaongeza au kupunguza kitu katika fishi ya mtu. Anayekishika ni kiongozi wa kikundi cha akina mama, naye ataandika mwenyewe kwa wale wasiojua kuandika. Kitakuwa mezani karibu na mlango wa upande wa kushoto, Jumapili baada ya ibada, na tena Jumatano baada ya maombi. Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina aletwe naye, ataandikwa kwa jina la mama. Asiyekumbuka tarehe ataje msimu: wakati wa kupanda maharagwe, wakati wa mvua za kwanza, wiki tuliyovuka mto.